Mabaharia wa matishali wa Mto Thames: kwa nini chama chao kiliingia katika muungano wa 1922, na kwa nini wengi wao walitoka upesi?

Mtafiti wa Jioni anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandaa mhadhara kuhusu vyama vya wafanyakazi wa mitoni, na baada ya kusitasita nimeuegemeza wote kwenye Mto Thames, London, hasa kwenye chama cha mabaharia wa matishali, yaani vyombo vya kubebea shehena kati ya meli na maghala, na wavushaji wa abiria, ambacho kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Harry Gosling. Mfuatano wa miaka ninaufahamu. Chama kilikuwapo tangu miaka ya 1870, kikashiriki mgomo mkubwa wa bandari wa 1889, kikawa nguzo mojawapo ya Shirikisho la Taifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi lililoundwa mwaka 1910, kikagoma mwaka 1911 na tena 1912, kisha tarehe 1 Januari 1922 kikawa miongoni mwa vyama 14 vilivyoungana kuunda Chama cha Wafanyakazi wa Uchukuzi na Kazi za Jumla, ambacho rais wake alikuwa Gosling huyo huyo na katibu mkuu wake Ernest Bevin.

Hapo ndipo ninapokwama. Kabla mwaka wa pili haujaisha, wengi wa watu wa matishali walikwisha kukihama chama hicho na kuhamia kwa wapakiaji wa melini, ambao walikuwa wapinzani wakubwa wa Bevin. Mwaka 1927 wakawaacha hao nao, wakaanzisha chama chao cha mtoni, nacho kikaishi hadi mwaka 1971 kilipokubali kurudi ndani ya chama kile kile walichokikimbia. Hiyo ni miaka 48 ya kutoka na kurudi mlango uleule.

Maelezo ninayoyakuta mara nyingi ni mafupi mno: kwamba watu wa matishali walijivunia ufundi wao na hawakutaka kuhesabiwa pamoja na makuli. Sikatai kwamba majivuno yalikuwapo, lakini majivuno hayaelezi kwa nini watu hao hao waliacha kazi pamoja na makuli mwaka 1889, 1911 na 1912. Ninaomba msaada kwa mambo mawili. Nguvu ya chama hicho kidogo ilitoka wapi hasa? Na ni kitu gani kilichovunjika kati ya 1922 na 1923?

Mzee wa Gati anajibu:

Ndugu Mtafiti, nitashika swali lako la kwanza tu. La pili nawaachia wenye subira ya kufuatilia mikataba na vikao.

Ukitaka kukielewa chama, anza na maji. Thames ndani ya London hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, mpaka Teddington, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya kina cha maji yaliyojaa na yaliyokupwa karibu na London Bridge hupita mita 6. Tishali la kawaida la mto huo katika karne ya 19 halikuwa na injini wala tanga. Lilikuwa chombo kipana, kizito, kilichoongozwa kwa makasia marefu na mtu mmoja au mtu na mwanagenzi wake, na kilicholisukuma hasa ni mkondo wenyewe. Ufundi haukuwa katika nguvu za mikono. Ulikuwa katika kujua saa: kamba ifunguliwe lini, daraja lipitwe upande gani, mkondo utamfikisha wapi mtu kabla haujageuka, na ni gati gani ambalo akilichelewa atakaa juu ya tope hadi maji yarudi. Aliyekosea hesabu hiyo aliigongesha mali ya mtu mwingine kwenye nguzo ya daraja. Boti za kuvuta zilipoongezeka zilimpunguzia jasho, lakini hazikumwondolea hesabu hiyo.

Ujuzi wa namna hiyo mwajiri hawezi kuuokota langoni asubuhi kwa kunyoosha kidole katikati ya umati wa vibarua, na sheria iliuzungushia ukuta zaidi. Bunge la Uingereza lilipanga nauli za wavushaji mwaka 1514. Mwaka 1555 likaunda chombo cha kuwasimamia, ambacho ndicho Kampuni ya Wavushaji. Na mwaka 1700 watu wa matishali wakaingizwa humo. Uanagenzi uliwekwa kuwa miaka 7 tangu mwanzo wa karne ya 17. Mwana alijifunza kwa baba au kwa mjomba, na asiye na leseni hakuruhusiwa kuendesha tishali la shehena mtoni. Athari za utaratibu huo bado zinaonekana: mbio za makasia za Doggett, zilizoanza mwaka 1715, hushindaniwa kutoka London Bridge hadi Chelsea na wale waliomaliza uanagenzi karibuni, na mshindi huvikwa koti jekundu lenye beji kubwa ya fedha mkononi.

Wapo wanaosema kwamba Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa chama cha wafanyakazi cha kale, na kwamba chama cha karne ya 19 kilirithi tu. Mimi sikubaliani nao. Waliokalia viti vya baraza la Kampuni walikuwa zaidi wenye matishali kuliko waendeshaji wake. Iliwapa vijana leseni, ikawaadhibu walipokosea, lakini haikuwapa sauti kuhusu ujira. Chama kiliundwa kujaza nafasi hiyo.

Nimeacha mwishoni jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nalo ni maji ya bure. Mwishoni mwa karne ya 18 wafanyabiashara wakubwa walitaka kuchimba bandari za ndani, zenye kuta na malango ya maji, ili meli zisiendelee kusongamana mtoni na kuibiwa. Sheria ya 1799 iliyoruhusu bandari ya West India, ambayo ilifunguliwa mwaka 1802, iliwahurumia wenye maghala ya kando ya mto na watu wa matishali kwa kuweka kifungu kidogo: tishali linaloingia bandarini kuleta au kuchukua shehena ya meli halitozwi ushuru. Kifungu hicho kikarudiwa katika sheria za bandari zilizofuata. Basi meli iliingia bandarini, matishali yakaizunguka kama vifaranga, shehena ikashushwa ubavuni na kupelekwa kwenye maghala ya mtoni kwa gharama nafuu, huku kampuni iliyotumia fedha nyingi kuchimba bandari ikiambulia kidogo. Kampuni hizo zililiendea Bunge zaidi ya mara moja kuomba kifungu kiondolewe, zikashindwa.

Fikiria sasa maana yake kwa mgomo. Bandari nzima, ya ndani na ya mtoni, ilikuwa imening'inia kwenye tishali. Makuli wa gati moja wakigoma, shehena ilihamishiwa gati jingine. Watu wa matishali wakigoma, hakuna pa kuhamishia. Lakini kifungu hicho kilikuwa na upande wa pili ambao sijaona ukisemwa vya kutosha: kampuni za bandari, zikiwa zimenyimwa mapato hayo, zilibana pale palipobanika, yaani kwa makuli walioajiriwa kwa saa na kufukuzwa kwa saa. Kilichomlinda mmoja kilisaidia kumkausha mwenzake. Ukiwatazama wawili hao kwa jicho hilo, majivuno unayoyataja yanakuwa jambo dogo.

Bi Karani anajibu:

Nimemsoma Mzee wa Gati kwa faida kubwa, na kuhusu maji ya bure nadhani amegusa penyewe. Hata hivyo anavyoeleza, mtu anaweza kudhani kwamba watu wa matishali walikuwa mabwana wadogo wenye raha. Mkondo haujui usiku wala mchana. Maji yakijaa saa nane za usiku, tishali huondoka saa nane za usiku, na mwajiri alipenda kuihesabu saa hiyo kwa namna inayomfaa yeye. Siku ya kazi ni saa ngapi, inaanza wapi, usiku unalipwaje, na mtu aliyekaa akisubiri maji yageuke yuko kazini au hayuko: hayo ndiyo yaliyokuwa malalamiko yao kwa miongo mingi, kuliko hata kiwango cha ujira.

Kwa hiyo mwaka 1889 hawakuingia mgomoni kwa huruma tu. Mgomo ulianzia kwa makuli wa bandari ya West India tarehe 14 Agosti, wakidai peni 6 kwa saa na peni 8 kwa muda wa ziada, chini ya Ben Tillett, John Burns na Tom Mann. Watu wa matishali waliacha kazi nao, na walipoacha wakaweka mezani madai yao wenyewe. Mgomo ulimalizika katikati ya Septemba, kwa upatanishi ambao Kardinali Manning alikuwa na mkono mkubwa ndani yake, na baada ya zaidi ya pauni 30,000 kutoka Australia kuwanusuru wagomaji na njaa. Makuli walipata peni zao 6. Madai ya watu wa matishali yalipelekwa kwa msuluhishi, Lord Brassey, ambaye aliweka masharti ya siku ya kazi. Na tafsiri ya masharti hayo ikawa chanzo cha ugomvi mpya. Gosling, aliyezaliwa mwaka 1861 katika familia ya watu wa mto na kupitia uanagenzi mwenyewe, alikua kiongozi ndani ya ugomvi huo wa tafsiri. Nasisitiza hilo kwa sababu lilimfanya awe mtu wa vifungu na meza kuliko mtu wa jukwaa.

Sheria ya 1908 ilipounda Mamlaka ya Bandari ya London, ambayo ilianza kazi mwaka 1909, mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. Kampuni za bandari zilinunuliwa na kuwekwa chini ya chombo kimoja, na kazi ya kutoa leseni za mto ikaondolewa kwenye Kampuni ya Wavushaji na kukabidhiwa Mamlaka hiyo. Gosling alikuwa mmoja wa wajumbe wa bodi. Mwenyekiti wake alikuwa Lord Devonport. Wakakaa meza moja watu wawili ambao baada ya miaka mitatu wangekuwa pande mbili za vita.

Mgomo wa Agosti 1911 ulikuwa wa ushindi, na sehemu ya ushindi huo ni ya jua. Tarehe 9 Agosti joto lilifika nyuzi 36.7 huko Greenwich. Siagi na nyama zilikuwa ndani ya meli na matishali yasiyosogea, na mwajiri anayenusa mali yake ikiharibika hana muda wa kubishana kuhusu vifungu. Mwaka 1912 haukuwa hivyo. Mgogoro ulianza mwezi Mei kwa mtu mmoja tu, msimamizi mwenye kadi ya chama cha wasimamizi, aliyekataa kuwa mwanachama wa chama cha watu wa matishali. Kutoka kwa mtu huyo mmoja mgomo ulienea bandari nzima. Serikali ikamtuma Sir Edward Clarke kuchunguza. Devonport akakataa kulegeza. Shirikisho likaziita bandari nyingine nchini zigome, na nyingi zikakaa kimya. Ndipo Tillett aliposimama Tower Hill akauongoza umati kumwomba Mungu amwue Lord Devonport. Dua hiyo haikupokewa, kwani Devonport aliishi hadi mwaka 1934. Mwishoni mwa Julai kamati ya mgomo ikatangaza watu warudi kazini, bila kupata walichokitaka, baada ya majuma mengi ambayo familia zao zilikula kwa shida.

Nimekaa sana hapo kwa sababu jibu la swali la 1922 limo humo. Shirikisho la 1910 lilikuwa na jina kubwa lakini halikuwa na amri: kila chama kilibaki na hazina yake na uamuzi wake, na wito wa 1912 ulipotolewa kila mmoja akaangalia nyumba yake. Baada ya kushindwa huko, hoja ya kuwa na chama kimoja chenye hazina moja na sauti moja haikuhitaji mhubiri. Gosling na watu wake hawakuingia 1922 kwa kulaghaiwa. Walikuwa wameishi na njia nyingine, wakaijua mwisho wake. Na ndani ya chama kipya walipewa idara yao ya njia za maji, tofauti na idara ya makuli, ili mambo ya mto yasimezwe.

Sasa 1923. Mwaka 1920 Bevin aliwatetea makuli mbele ya mahakama ya uchunguzi ya Lord Shaw na kuwapatia shilingi 16 kwa siku. Kisha bei zikashuka, ajira ikakauka, na ujira ukateremka hatua kwa hatua, kwa makubaliano yaliyoufunga kwenye gharama za maisha na ambayo viongozi wa chama waliyatia saini. Julai 1923 ilikuwa zamu ya shilingi nyingine kukatwa, ujira ufike shilingi 10. Wafanyakazi waliona bei za madukani hazikushuka kwa kiasi hicho, wakagoma bila idhini. Chama kikawaambia warudi kwa kuwa mkataba ni mkataba, na hakikuwalipa posho ya mgomo. Mgomo wa London ulidumu hadi Agosti, ukafa. Wapakiaji wa melini, ambao walikuwa wamekataa kuingia katika muungano wa 1922, waliwafungulia mlango waliokasirika, wakabadilisha hata jina la chama chao ili liwataje pia watu wa matishali, wavushaji na makuli.

Kilichovunjika, kwa maoni yangu, ni swali la nani mwenye haki ya kusimamisha kazi. Katika chama kidogo cha mtoni watu walifahamiana kwa majina, na kiongozi aliyekosea aliambiwa usoni jioni ile ile. Katika chama cha mamia ya maelfu, saini ya katibu mkuu iliyowekwa kwa ajili ya bandari zote za nchi ilimfunga pia mtu wa tishali ambaye alijua kwamba, wiki hiyo, mtoni kwake, yeye na wenzake wangeweza kushinda.

Mtafiti wa Jioni anaandika:

Nawashukuru nyote wawili. Bi Karani, maelezo yako kuhusu 1912 yamenibadilishia mpangilio wa mhadhara, kwa sababu nilikuwa nimeuweka mgomo huo kama nyongeza ya ule wa 1911. Lakini mnanizidishia shida upande mwingine. Ikiwa tatizo lilikuwa mkataba wa ujira wa 1923, mbona mwaka 1924 ujira ulipanda tena na watu wa matishali hawakurudi? Na kama wapakiaji waliwapa nafasi waliyoitaka, mbona waliwaacha mwaka 1927? Halafu Gosling: mtu wa mto, rais wa chama, alishindwaje kuwazuia watu wake mwenyewe?

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Ndugu Mtafiti, nianze na la mwisho, maana ndilo jepesi. Gosling alikuwa na viti vingi mno. Mwanzoni mwa 1923 alichaguliwa mbunge wa Whitechapel na St George's, na Januari 1924, Chama cha Labour kilipounda serikali yake ya kwanza, akawa Waziri wa Uchukuzi. Mwezi Februari makuli wa nchi nzima waligoma, safari hii kwa idhini ya chama, wakashinda nyongeza ya shilingi 2 kwa mafungu mawili. Mwezi Machi wafanyakazi wa tramu na mabasi ya London wakagoma chini ya Bevin. Yaani chama ambacho Gosling ndiye aliyekuwa rais wake kilisimamisha usafiri ambao Gosling ndiye aliyekuwa waziri wake, na serikali aliyoitumikia ilikuwa ikifikiria kutumia sheria ya hali ya hatari. Simlaumu, alikuwa mtu mwaminifu na aliheshimiwa hadi alipofariki mwaka 1930. Ila mtu wa namna hiyo hana jioni ya kwenda kukaa na waendesha matishali waliokasirika.

Kuhusu ushindi wa 1924 na kwa nini haukuwarudisha, ninatofautiana kidogo na Bi Karani. Yeye analiona jambo kama ugomvi wa haki ya kugoma. Mimi ninaona kwamba ugomvi huo ulikuwa cheche tu, na kuni zilikuwapo kabla: mambo yanayomhusu mtu wa tishali hayafanani na ya kuli. Kuli anauliza kama ataajiriwa kesho. Mwenye leseni anauliza idadi ya watu kwenye tishali, boti ya kuvuta ivute matishali mangapi, wanagenzi wangapi wachukuliwe, na nani asiye na leseni ameonekana ameshika kasia. Katika chama chochote ambacho kura nyingi ni za makuli au za wapakiaji, maswali hayo yatakuja mwisho wa ajenda, wakati watu wamekwisha kuanza kuvaa makoti. Ndiyo maana kuondoka kwao 1927 hakunishangazi hata kidogo. Walichokikimbia kwa Bevin walikikuta kwa wapakiaji, kwa kipimo kidogo zaidi. Idara ya njia za maji ndani ya chama kikubwa ilikuwa wazo zuri, lakini idara haina hazina.

Tangu hapo mto ukawa na vyama viwili, na bandari ikawa na uhasama wa kudumu. Makuli walivitambua vyama vyao kwa rangi za kadi: nyeupe kwa wa chama kikubwa, bluu kwa wa wapakiaji. Katika mazingira hayo chama kidogo cha watu wa matishali kiliishi bila kumezwa kwa sababu ile ile aliyoieleza Mzee wa Gati: mlango wa kuingia kazini ulikuwa uanagenzi, na uanagenzi ulikuwa mikononi mwa familia za mto. Mpango wa kitaifa wa kusajili wafanyakazi wa bandari, ulioanza mwaka 1947, uliwaingiza humo pia, wakapata ulinzi wa daftari juu ya ulinzi wa leseni.

Na 1971? Usitafute sababu kwenye vikao. Tazama orodha ya bandari za ndani zilizofungwa: East India mwaka 1967, St Katharine 1968, London Docks 1969, Surrey 1970. Mzigo uliokuwa ukishushwa gunia kwa gunia ubavuni mwa meli uliwekwa ndani ya kontena, kontena likashushwa Tilbury kwa kreni na kupakiwa juu ya lori. Maji yalibaki ya bure lakini hapakuwa na meli ya kuizunguka. Chama ambacho nguvu yake yote ilikuwa katika kusimama kati ya meli na ghala kilijikuta hakisimami kati ya chochote, na mwaka 1971 kikakubali kuungana. Bandari za West India na Millwall zilifungwa 1980, za Royal 1981, na mpango wa usajili wenyewe ulifutwa mwaka 1989.

Mzee wa Gati anajibu:

Mwalimu, umesema vizuri, lakini umewazika watu mapema. Matishali hayajaondoka Thames. Taka za jiji bado zinateremshwa mtoni ndani ya makontena yanayobebwa na matishali, na ulipochimbwa mfereji mkuu mpya wa maji machafu chini ya mto, udongo mwingi uliondolewa kwa njia hiyo hiyo ili malori yasizibe barabara. Kilichokufa ni wingi wao.

Ukitaka tarehe ya kufungia, Ndugu Mtafiti, mimi nisingechukua 1971. Ningechukua 2007, mwaka ambao leseni ya mto ya London, baada ya kupita kutoka Kampuni hadi Mamlaka ya Bandari, iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na cheti cha unahodha wa vyombo vya ndani kinachotumika nchi nzima. Wengi wa mtoni walipinga, wakisema kwamba aliyejifunza kwenye mfereji uliotulia hawezi kupewa daraja la Thames wakati wa bamvua. Hoja yao ilikuwa ile ile ya karne ya 19, karibu neno kwa neno. Uanagenzi wenyewe bado unatolewa na Kampuni, ila sasa si mlango pekee.

Na jambo moja dogo kwa Bi Karani: haki ya kusimamisha kazi, katika mto ule, ilikuwa na saa zake. Mgomo uliotangazwa maji yakiwa yamejaa, matishali yakiwa njiani, uliwaacha wanachama wenyewe katikati ya mto. Kiongozi aliyewahi kushika kasia alilijua hilo bila kuambiwa.

Bi Karani anajibu:

Ninalikubali hilo la saa, na ninaliongezea hoja yangu badala ya kulipunguza: ndiyo sababu walitaka uamuzi ufanywe na mtu anayejua maji yako wapi. Kwa Mwalimu, bado sikubaliani kwamba 1923 ilikuwa cheche tu. Wangeweza kuvumilia kuwa wa mwisho kwenye ajenda kwa miaka kadhaa, kama walivyovumilia mengi katika shirikisho. Kilichowatoa nje mwezi Agosti ule ni kuambiwa na chama chao wenyewe kwamba hawako mgomoni, hali wakiwa na majuma kadhaa bila ujira.

Mtafiti wa Jioni anaandika:

Nitaiweka tofauti hiyo ya Bi Karani na Mwalimu mbele ya wasikilizaji kama ilivyo, bila kuiamua. Kifungu cha maji ya bure kitatangulia, kisha Mei 1912 na yule msimamizi mmoja, na 1922 itafuata hapo. Mzee wa Gati, nimechora kwenye ukurasa wa kwanza mstari wa kupanda na kushuka kwa maji kwa siku moja, na juu yake nimeandika saa za kazi za kawaida, ili waone jinsi mistari hiyo miwili inavyokatana. Kama una namna bora ya kuionyesha siku ya bamvua, nitashukuru ukinielekeza kabla sijachapisha.

Mzee wa Gati anajibu:

Chora siku mbili mfululizo badala ya moja. Maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, na hapo ndipo watakapoona kwa nini hapakuwa na ratiba ambayo mwajiri na baharia wangeweza kuiandika ikadumu wiki nzima.